Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wauguzi na wakunga wenzangu,

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena hapa Kigoma mjini. Poleni na safari ninyi mliotoka Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buhigwe, na zaidi ninyi mliolala kwenye boti ili saa mbili asubuhi muwe mmefika. Kabla ya yote naomba tusimame dakika moja kuwakumbuka wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki mwaka huu.

Ahsanteni. Tukae.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazikalia. Mei 5 tuliadhimisha Siku ya Wakunga, Mei 12 Siku ya Wauguzi. Tulichangia damu, tulitembelea wadi ya wazazi, tulikwenda kwenye misiba 9 na kila familia ilipewa rambirambi ya shilingi 150,000, jumla 1,350,000. Tuliwaaga wastaafu wetu watatu. Semina ya kumhudumia mama anayevuja damu baada ya kujifungua ilifanyika Septemba, na nawashukuru wakunga wazoefu waliofundisha bila kudai posho.

Sasa fedha. Tuko wanachama 143, ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwa mwaka tulipaswa kukusanya 5,148,000. Tulichopata ni 2,871,000. Kinachodaiwa ni 2,277,000, na waliomaliza ada yote ni wanachama 61 tu. Mweka hazina amepiga simu, ametuma ujumbe, amekwenda hadi vituoni. Kuna mwenzetu alimjibu kwamba chama hakimsaidii chochote, na mwezi uliofuata alifiwa na mama yake mzazi, nasi tulikwenda kumzika. Sikulisema hilo msibani wala leo simtaji. Nalisema kwa sababu limeniuma, na kwa sababu rambirambi ile ilitoka kwenye ada za wale wanaolipa.

Mahudhurio ni yale yale. Katiba yetu inataka wanachama 48 ili mkutano uwe na akidi. Januari 20 niliitisha mkutano wa dharura, wakaja 29. Februari 10 nikauitisha tena, wakaja 26. Tafadhalini zikumbukeni tarehe hizo mbili, kwa sababu ndizo msingi wa jambo ambalo limenisemesha na kunifanya nisemwe mwaka mzima.

Nazungumzia uamuzi wa leseni.

Mnajua Kamati Tendaji ilichukua shilingi 640,000 zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya vitenge vya sare yetu ya maandamano ya Mei 12, ikazigeuza kuwa fedha ya kuwakopesha, bila riba, wanachama ambao leseni zao zimeisha. Mnajua pia tuliamua kwamba asiyeleta nakala ya leseni hai hapewi mkopo mwingine wa chama. Yamesemwa mengi. Imesemwa mwenyekiti amejipa kazi ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo ndilo linalotusajili na kutupa leseni. Imesemwa nimewaaibisha wakubwa wangu. Imesemwa tumeandamana na sare za kazini kama watu wasio na chama. Naomba mnisikilize kwa utulivu, kisha mniulize.

Desemba 2023 mwenzetu mmoja, mkunga wa miaka 19 kazini, alimpokea mama usiku katika kituo ambacho sitakitaja. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimetangulia kutoka kabla ya kichwa. Alimpigisha mama magoti, akamwinua makalio, akaingiza mkono na kukisukuma kichwa cha mtoto kisikibane kitovu, na akakaa hivyo, mkono ndani, mpaka gari lilipopatikana. Ndani ya gari aliendelea vile vile. Mtoto hakupona. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ilikuwa imejazwa, muda umeandikwa, kila kitu alichotakiwa kufanya alikifanya. Uchunguzi ulipoanza, kitu cha kwanza alichoombwa ni leseni. Ilikuwa imeisha miezi 14.

Nilikaa naye kwenye benchi nje ya ofisi ile. Mkononi alishika bahasha ya kaki, pembe zake zimelowa jasho. Ndani yake mlikuwa na cheti cha usajili, kimetunzwa vizuri tangu alipomaliza chuo. Aliniambia, "Dada, mimi si nimesajiliwa? Jina langu si lipo?" Sikuwa na la kumjibu pale, maana tulikuwa tumeshachelewa. Alichokifanya usiku ule kikawekwa kando, na mazungumzo yakawa juu ya karatasi.

Ndugu zangu, kosa lile lilikuwa letu sote, maana wengi tulidhani kama yeye. Cheti cha chuo kinaonyesha umesoma ukafaulu. Usajili unaliingiza jina lako kwenye daftari la Baraza. Leseni ndiyo ruhusa ya kumgusa mgonjwa, nayo ina mwisho, lazima ihuishwe. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imevitenganisha vitu hivyo, na anayefanya kazi bila leseni anatenda kosa hata kama mkono wake ni wa dhahabu. Baraza lina uwezo wa kumsimamisha mtu au kulifuta jina lake. Nilipowauliza wajumbe watano wa kamati, wawili walikuwa hawana uhakika leseni zao zinaisha lini.

Ndiyo maana nikaitisha mkutano Januari, nikauitisha tena Februari. Akidi haikutimia mara zote mbili. Kifungu cha katiba yetu kinairuhusu Kamati Tendaji kutumia fedha katika dharura na kutoa taarifa baadaye. Nilikitumia. Niliona ni dharura na hadi leo naona hivyo. Kama kuna anayeona nilivunja katiba, muhtasari wa kikao uko kwa katibu, umesainiwa na wajumbe wote watano.

Matokeo ni haya. Wanachama 118 walileta nakala, 34 kati yao leseni zilikuwa zimeisha. Waliochukua fedha ya chama ni 21. Waliorudisha ni 17, jumla 530,000, bado 110,000. Hivi leo, kati ya wale 34, waliobaki bila leseni hai ni wanne, na wote wameshaanza kushughulikia.

Namkumbuka dada mmoja wa zahanati ya mwambao, kule ambako gari halifiki. Alishuka Kibirizi, kwenye boti zetu hapa Kigoma, alfajiri na vyeti ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili visilowe. Jina la cheti ni la kwao, jina la kitambulisho ni la mume. Mfumo ukawa unakataa. Tulikwenda naye kwa wakili kula kiapo cha majina, tukakaa kwenye kibanda cha intaneti mpaka saa kumi jioni, kontroo namba, yaani namba ya kulipia, ikatoka, akalipa kwa simu yangu kwa kuwa yake ilikuwa imezima. Boti ya kurudi ilikuwa imeshaondoka, akalala kwangu. Nauli yake, kiapo, vyote vilitoka kwenye fedha ya vitenge. Siwezi kuomba radhi kwa matumizi ya fedha ile.

Kuna mzee wetu, namheshimu sana, alinifundisha kazi wadini, aliniambia leseni haiponyi mgonjwa, na kwamba hata Florence Nightingale, Mwingereza aliyeanzisha uuguzi wa kisasa, hakuwa nayo. Nilikwenda kusoma. Ni kweli, na zaidi ya hapo, Nightingale aliupinga usajili wa wauguzi, akisema tabia njema ya muuguzi haipimwi kwa mtihani wala kuandikwa daftarini. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini aliyesimama upande wa pili hakuwa mtawala wala daktari, alikuwa muuguzi mwenzake, Ethel Bedford Fenwick, aliyepigania sheria ya usajili Uingereza kwa miaka takriban 30 mpaka ikapatikana mwaka 1919. New Zealand walikuwa wameshatangulia kwa sheria ya 1901, na Ellen Dougherty akawa wa kwanza kwenye daftari lao Januari 1902. Walidai wauguzi wenyewe, ili mgonjwa amjue aliyesoma na asiyesoma, na ili aliyesoma asivunjiwe heshima. Kwa hiyo, mzee wangu, nilipokunyima mkopo mwezi Machi sikukudharau. Nilirudi nyumbani sikula siku ile. Uliporudi Aprili na leseni mkononi nilikuidhinishia fomu papo hapo.

Kwa wanafunzi na vijana waliomaliza stashahada wakabaki nyumbani: tungependa chama kiwasaidie kujiandaa na mtihani wa Baraza, maana miaka mitatu ya chuo ni mingi mtu akwame mlangoni. Tukijaliwa fedha tutatafuta vitabu na kompyuta moja. Pia tuna nia ya kuwa na ofisi yetu wenyewe, na wilaya ya Uvinza ipate mwakilishi wake. Mambo hayo yatategemea ada.

Vitenge vya mwaka ujao vitanunuliwa. Fedha iliyorudi imehifadhiwa, haijaguswa.

Namshukuru katibu, mweka hazina na wajumbe wenzangu kwa kusimama nami. Hesabu kamili ziko mezani karibu na mlango. Baada ya chakula, wale wanne naomba mbaki. Katibu amekuja na kompyuta yake na bando lipo, tumalize leo kabla boti hazijaondoka.