Mwanangu, anza kabla ya mimba

Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mumeo. Umeniambia mnataka mtoto mwakani, ukaniuliza uanze kliniki lini. Hilo ni jepesi: hedhi ikikosekana na kipimo kikathibitisha, nenda, na usipitishe wiki ya 12. Ila kuna kazi inayotangulia kliniki, nayo inafanyika jikoni kwako, kuanzia sasa. Watu watakuambia ule vizuri ukishashika mimba. Wanasema kwa nia njema, lakini wakati huo sehemu kubwa ya jambo hili inakuwa imeshapita.

Karibu kila seli mwilini mwako, iwe ya ini, ya jicho au ya ngozi, imebeba jeni zilezile. Ini linakuwa ini kwa sababu ya jeni zinazosomwa na zile zilizofungwa. Njia mojawapo ya kuzifunga ni kubandika juu ya DNA kikundi kidogo kiitwacho methili, kaboni moja na haidrojeni tatu. Fikiria kitabu ambacho baadhi ya kurasa zake zimebanwa kwa pini: maneno yote yamo, ila hayasomeki. Methili hizo hutokana na chakula. Folati, yaani vitamini B9, ya mboga za majani na nafaka jamii ya kunde, metionini ya protini, kolini ya mayai, na vitamini B12 ambayo bila yake folati inakwama njiani na haifanyi kazi. Elimu ya alama hizi ndiyo wataalamu wanaita epijenetiki.

Yai likisharutubishwa, alama nyingi za baba na za mama hufutwa katika siku za mwanzo, kisha zinawekwa mpya. Chache hulindwa zisifutwe. Uwekaji huo unaanza kabla hujajua una mimba, na unatumia kile kilichomo damuni mwako wiki hiyo. Ndiyo maana nasisitiza uanze kujiandaa miezi mitatu kabla ya kushika mimba.

Ushahidi upo, na mwingine umetoka hapa hapa Afrika. Keneba, kijiji cha Gambia, watu hula kwa majira: miezi ya mvua ghala ni tupu na kazi ya shamba ni nyingi, kiangazi ni baada ya mavuno. Watafiti walipima damu ya wanawake wakati wa kutunga mimba, kisha wakapima alama za methili kwa watoto wao. Matokeo yaliyotolewa 2014 yalionyesha kuwa watoto waliotungwa wakati wa mvua walikuwa na alama tofauti na wale wa kiangazi, na tofauti hiyo ilifuatana na virutubishi vilivyokuwa katika damu ya mama. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba waliotungwa katika miezi ya njaa ndio waliokuwa na methili nyingi zaidi. Kushiba na kupata virutubishi hivi ni mambo mawili mbalimbali, mwanangu. Hapa Nairobi mtu anaweza kushiba chipsi na soda kila siku na bado damu yake ikakosa folati.

Uholanzi nako, mwishoni mwa 1944 hadi 1945, vita vilifunga njia za chakula na mgao wa mtu mzima ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watu waliotungwa mimba katika njaa hiyo walipimwa wakiwa na miaka takriban 60. Ukiwalinganisha na ndugu zao wa jinsia moja, waliozaliwa kwa wazazi wale wale lakini nje ya njaa, methili kwenye jeni ya ukuaji iitwayo IGF2 ilikuwa pungufu. Utafiti ulitoka 2008. Na waliopatwa na njaa katika miezi ya mwanzo ya mimba walizaliwa na uzito wa kawaida tu. Kwa hiyo mtu akikuambia mtoto alizaliwa kilo tatu na nusu basi kila kitu kilikuwa sawa, jua kwamba mizani haioni yote.

Upande wa pili wa njaa ni sukari. Kwa Wapima, Wahindi Wekundu wa Arizona, Marekani, watafiti walilinganisha ndugu wa mama mmoja: waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari na waliozaliwa baada. Wale wa baada ndio waliokuwa na uzito mkubwa zaidi na kisukari zaidi. Wazazi ni wale wale, kwa hiyo huwezi kusema ni urithi wa jeni peke yake. Nakuomba upime sukari ya damu kabla ya kushika mimba, kwa kuwa ugonjwa uko upande wa baba yako.

Sasa swali la wajukuu: je, alichokula bibi humfikia mjukuu? Msichana huumbiwa mayai yake yote akiwa bado tumboni. Mwanamke aliyekuwa na mimba ya msichana mwaka wa 1984, ukame ulipoikausha Kenya na mahindi ya njano yakaletwa kutoka ng'ambo, alikuwa amebeba pia nusu ya mjukuu wake. Kwa panya, athari ya chakula cha mama imeonekana wazi. Mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Duke, panya wa kike walipewa folati, B12, kolini na betaini, na watoto waliozaliwa na rangi ya kahawia wakaongezeka, ingawa jeni yao ni ileile ya ndugu zao wa manjano wanaonenepa ovyo na kuugua. Kwa binadamu, athari ya mama kwa mtoto ina ushahidi imara. Ya bibi kwa mjukuu kupitia alama hizi bado wataalamu wanaibishania, na mimi sitakuuzia kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Wapo wanaouza vipimo na unga wa "kusafisha jeni" mjini humu. Usiwape hata shilingi.

Tuingie jikoni.

Mama mboga wako anakukatia sukuma nyembamba sana, unafika nyumbani unaiosha. Folati inayeyuka kwenye maji, na kadiri ulivyokata nyembamba ndivyo inavyotoka. Nunua majani mazima, osha yakiwa mazima kwa maji yanayotiririka, kisha kata mwenyewe, na kata mapana. Kaanga au pika kwa mvuke dakika tatu hadi tano, majani yabaki kijani. Managu watu hupenda kuchemsha kwanza wakamwaga maji ili kupunguza uchungu. Hayo maji yamebeba folati nyingi. Kama uchungu unakushinda, chemsha kwa maji kidogo mno na uyatumie kwenye mchuzi, au changanya managu na terere au kunde ili ladha ilainike.

Maharagwe, ndengu na kamande ndizo nguzo yako. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kuloweka kwa sababu yana vitu vinavyozuia madini ya chuma na kuleta gesi, lakini maji ya kupikia yaache yawe mchuzi. Kikombe kimoja cha kamande zilizoiva kina takriban maikrogramu 350 za folati, ndengu zaidi ya 300. Usije ukaona 350 ukasema karibu nimefika 400 zinazotakiwa kwa siku. Folati ya chakula hufyonzwa pungufu kuliko ile ya kidonge, kwa hiyo chakula peke yake hakitoshi kwa kazi hii. Kidonge cha asidi ya foliki, yaani folati ya kidonge, cha maikrogramu 400 kila siku, kuanzia miezi mitatu kabla hadi wiki ya 12 ya mimba, hakina mbadala. Mrija wa neva wa mtoto, ule unaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga kama siku 28 baada ya kutungwa, wakati wengi bado wanahesabu siku wakidhani hedhi imechelewa tu. Mrija huo usipofunga sawasawa, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi.

Kuhusu kidonge chenyewe, soma karatasi. Kwenye maduka ya dawa kinachopatikana kirahisi ni cha miligramu 5, yaani zaidi ya mara kumi ya unachohitaji. Hicho ni cha waliowahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, wenye kisukari, au wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa, na daktari ndiye anayeamua. Tena kipimo hicho kikubwa hudhoofisha dawa ya SP wanayopewa wajawazito kuzuia malaria Pwani na kando ya Ziwa. Ukienda kwa wakwe zako Siaya ukiwa na mimba, taja kliniki unachomeza. Ukishaanza kliniki utapewa kidonge cha pamoja chenye miligramu 60 za chuma na maikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kimeze na chungwa au embe, usiku kama kinakuletea kichefuchefu. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Chai ya maziwa iwe mbali nacho, angalau saa moja kabla na mbili baada, na vivyo hivyo mbali na mlo wa maharagwe, kwa sababu chai inashika chuma kisiingie mwilini. Najua chai yako ya saa nne. Iache palepale saa nne, usiivute hadi saa ya chakula.

B12 ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwako, tangu ulipoacha nyama. Haipo kwenye mboga hata ule gunia. Huko Pune, India, watoto wa mama waliokuwa na folati nyingi na B12 kidogo ndio walioonekana insulini yao, homoni ya kudhibiti sukari, haifanyi kazi vizuri wakiwa na miaka sita, kwa hiyo kumeza folati huku B12 iko chini ni hatari ya aina yake. Mayai mawili na vikombe viwili vya maziwa kwa siku vinakufikisha kwenye maikrogramu 2.6 zinazohitajika. Hayo mayai mawili pia yanakupa karibu miligramu 300 za kolini kati ya 450. Kama samaki huli kabisa, basi uombe upimwe B12. Kama unakula, kiganja cha omena mara tatu kwa wiki, na kichwa chake, kitakusaidia sana. Shangazi zako watasema mjamzito asile mayai, mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Wasikilize kwa heshima, kisha kula mayai yako. Maini ni jambo jingine: yana vitamini A iliyokolea kupita mpaka salama wa maikrogramu 3,000 kwa siku, na ikizidi katika mimba changa huharibu uumbaji wa mtoto. Mkianza kutafuta mimba, usiyale.

Unga wa paketi, tangu sheria ya 2012, unatakiwa uongezwe chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini kadhaa, B12 ikiwemo. Ule wa posho mill hauongezwi kitu, ingawa una ganda na kiini chake. Mimi ningechanganya: siku nyingine paketi, siku nyingine mahindi ya kusaga na wimbi. Lakini mahindi ya soko la Nyamakima uyachague mwenyewe punje kwa punje. Yenye ukungu, yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi, tupa, hata kuku usimpe. Sumu ya aflatoksini haifi kwa moto wa sufuria. Mwaka 2004 iliwagonjesha watu 317 Ukambani na kuua 125. Kwa kipimo kidogo haimwangushi mtu, lakini Gambia tena wameona watoto ambao mama zao walikula sumu hiyo wakiwa wajawazito wana alama za methili zilizobadilika. Karanga nazo ni hivyohivyo. Mahindi ya kuweka yawe makavu, unyevu usiozidi asilimia 13.5, na gunia lisiguse sakafu.

Ukianza kutamani mawe, yale ya odowa yanayouzwa sokoni, usiyanunue. Yanaweza kuwa na risasi, na yanazuia chuma. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba damu tayari iko chini. Pima hemoglobini, yaani wingi wa damu, na kumbuka Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari: hemoglobini ya huku huwa juu kidogo, kwa hiyo gramu 12 kamili si za kujivunia.

Mumeo asome hapa. Mbegu ya mwanamume huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo miezi yenu mitatu ni ya pamoja. Apunguze kitambi, aache sigara kabisa, pombe apunguze. Moshi wa sigara kwa mjamzito, hata wa mtu mwingine, una madhara yake, na alama za methili kwenye jeni iitwayo AHRR zimeonekana zikibadilika katika damu ya watoto wachanga ambao mama zao walivuta. Sipendi makala zinazomtwika mama mzigo wote.

Ukishashika, hakuna cha kula kwa ajili ya wawili. Miezi mitatu ya kwanza hutahitaji nyongeza yoyote ya kalori. Ya katikati ni takriban 340 kwa siku, yaani kikombe cha maziwa, yai na ndizi. Ya mwisho ni 450. Kama uzito wako ni wa kawaida, ongeza kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima.

Wiki hii nenda upime hemoglobini, sukari ya damu, B12 na kundi la damu, na mumeo aende pamoja nawe kwa vipimo vya HIV na kaswende. Majibu unitumie kwenye simu, na picha ya pakiti ya kidonge utakachouziwa, niisome kabla hujaanza kumeza.

Wako akupendaye,
Mama