Barua kwa Mwanangu Mpiga Kanuni

Mwanangu kipenzi,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, nimefika Chake Chake salama, bahari ilikuwa shwari, na hapa nyumbani wote hawajambo isipokuwa bibi yako anayelalamikia goti kwa sababu ya mvua hizi za vuli. Nimekaa barazani na mbele yangu kuna jamvi la karafuu zinazongoja kuchambuliwa, lakini nimeona nikuandikie kwanza, kwa kuwa niliyoyaona huko Unguja, kwenye kikundi chenu cha taarabu, tangu Ijumaa hadi Jumapili yameninyima usingizi njia nzima, na kwenye simu mimi na wewe hukatizana maneno.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa Ramadhani nilikwambia kwamba chuo cha ualimu kinakungoja, na kwamba kanuni, hiyo ala yako ya nyuzi, utaipiga siku za mapumziko. Ukanyamaza, nami nikadhani umeridhika. Leo naliondoa neno lile. Sikuliondoa mbele yako kwa sababu wenzako walikuwepo na nilichelea kulia, basi lisome hapa na ulihifadhi.

Kilichonigeuza ni mazoezi ya Ijumaa, wala si harusi ya Jumamosi kama mnavyodhani. Mimi nilizoea kuukuta muziki umeshapikwa na kupakuliwa, ukumbini, watu wamejifukiza udi na wamevaa. Nilipokaa kwenye kiti kile kando ya mlango nilitarajia kusikia nyimbo, kumbe saa nzima ya kwanza hapakuwa na wimbo hata mmoja. Ulikuwa umeinamia kanuni, ufunguo mkononi, unapita uzi baada ya uzi, nyuzi 78 zote, tatu tatu kwa kila sauti, ukikaza, ukisikiliza, ukilegeza, ukirudi kwa ule uliokwisha kuupita. Uliniambia kwamba ngozi ya upande wa kulia, ile inayobeba daraja la nyuzi, hunywa unyevu msimu wa mvua, hivyo ulichokirekebisha alasiri huenda kikalegea kabla ya Isha. Kisha ukanionyesha vijichuma vile vidogo vya upande wa kushoto, ukainua kimoja kwa ncha ya kidole, na sauti ikapanda kidogo mno, kiasi ambacho kinanda cha kawaida hakina pa kukiweka. Ukasema bila hicho hakuna bayati, ile makamu ya Kiarabu mnayoipenda kuipiga. Nilikutazama vidole, risha za kudonolea nyuzi zimefungwa kwa pete kwenye vidole vya shahada, nikamkumbuka mtoto aliyekuwa akipanda mwembe kula embe mbichi kwa kushindwa kungoja ziive. Subira hii sikukufundisha mimi. Aliyekufundisha ndiye aliyekuwa amelala mapajani mwako.

Mlipoanza bashraf, ule muziki wa ala tupu usio na mwimbaji, mzee mpiga ala ya udi aliwasimamisha mahali pamoja mara tano. Mara ya nne nilimwona anakutazama wewe, akasema, "Unakimbia, mwanangu." Nilijikaza kitini, maana nakujua unavyovimba ukikosolewa. Uliitika, "Ndiyo, mwalimu," ukapiga kipande kile peke yako, polepole, huku yule kijana wa fidla akikuhesabia kwa kugonga mguu sakafuni. Mara ya sita mlivuka pamoja, na hakuna aliyeshangilia. Mliendelea tu, kama watu waliovuka kijito wakiwa na safari ndefu mbele yao. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Sijapata kukusimulia hili. Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa msomaji wa kasida katika maulidi, na watu walinisifia sauti. Likaja kundi la taarabu likaniomba, na babu yako akakataa kwa neno moja tu: "Hapana." Sikumlaumu, kwani siku hizo, na hata leo kwa wengine, binti anayerudi usiku na wapiga ngoma alihesabiwa kuwa amepotea. Niliposema nawe Ramadhani ile nilidhani ninayoyasema yametoka kwangu. Baada ya kukaa kwenye kiti kile ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa narudia sauti ya marehemu baba, Mungu amrehemu.

Wazee husimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim aende Misri akajifunze muziki, na kanuni ndiyo aliyorudi akiijua. Ikhwani Safaa walianzisha klabu yao ya taarabu mwaka 1905, wakawa wanaume peke yao wenye udi na nai, ile filimbi ya mwanzi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mtoto wa Fumba, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake, alikuwa tayari ameshasemwa kila aina ya maneno, juu ya asili yake, sura yake na uanamke wake. Siku hizi kuna kikundi cha Tausi, wanawake kwa wanawake, wenyewe ndio wapigaji na wenyewe ndio waimbaji. Nilikuwa nayajua haya kwa kuyasikia redioni, lakini sikuwa nimeyahusisha na binti yangu.

Basi Jumamosi. Ukumbi ulijaa, kina mama wakaanza kuinuka na noti zao kumtuza mwimbaji, na mimi macho yangu yalikuwa kwako tu. Katikati ya wimbo wa tatu uzi ulikatika. Nilisikia mlio mkavu kama kijiti kinachovunjika, nikauona unaning'inia juu ya wenzake. Wengine ukumbini hawakujua lolote. Yule kijana wa fidla alikutupia jicho mara moja, na badala ya kumrudishia mwimbaji ubeti, akaingia taksimu, yaani kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo, akairefusha, akaizungusha, mpaka ukapata nafasi ya kuuzongoa uzi ule na kuukunja pembeni usiwanase wengine. Kisha ukaingia na nyuzi mbili zilizobaki katika utatu ule, hukuinua hata uso. Rafiki wa namna hiyo, mwanangu, wengine tunazeeka bila ya kumpata. Nimemwombea dua kwa jina lake.

Jumapili mlikwenda kupiga kidumbaki, ile taarabu ya ngoma ndogo, kule Bububu, na kwa kuwa kanuni haina kazi humo, ulichukua cherewa, yale manyanga, ukakaa nyuma ya besi ya sanduku ukizitikisa tangu alasiri hadi magharibi. Wimbo ulikuwa ukiungwa na wimbo bila ya pumziko, wanawake wakicheza kwa kukata viuno, jasho likikutiririka usoni. Hata siku moja sijakuona una furaha kama ile. Baadaye mkaja kwa mama yako mdogo mkala urojo mkiwa mmejipanga barazani kama kunguru, mnabishana nani aliyechelewa kuingia ubeti wa pili, na nikaona kwamba hamna siri ya makosa baina yenu.

Nina ombi moja na agizo moja. Agizo ni kwamba usiku usirudi peke yako, hata kama ni hatua kumi. Mwombe mzee wa udi, nimeshazungumza naye na amekubali. Ombi linahusu wale waliokuita Dar es Salaam ukapige kinanda cha umeme juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Fedha yao ni nzuri kuliko mgao wa hapo Unguja, nakiri, na uamuzi ni wako kwa kuwa chuo nimekuondolea. Lakini nimeisikia mara sita ile sehemu ya bashraf, na kwa kadiri ninavyoona mimi, muziki usioweza kukungoja ukikatikiwa na uzi bado haukustahili. Ungoje walau mpaka Februari, uone kama kikundi kitapata nafasi Ngome Kongwe wakati wa tamasha la Sauti za Busara kama mnavyotarajia.

Kifurushi nimempa kijana wa boti, kina karafuu kidogo za mama yako mdogo na fedha za seti moja ya nyuzi, nazo nimezitoa kwenye mauzo ya gunia la kwanza. Ijumaa ijayo mkianza mazoezi unipigie, uiache simu wazi juu ya kiti kile cha kando ya mlango. Nitakuwa hapa barazani nachambua karafuu. Usiruke ile saa ya kukaza nyuzi ukidhani itanichosha. Nataka kuisikia nayo.

Wasalaam,
Mamako