Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Kutu, na Mafuta ya Bunduki Zetu

Wazee wetu, akina mama mnaomiliki silaha kwa leseni, na vijana mliojiunga mwaka huu: Assalamu alaikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Taarifa ya mwenyekiti huanza na fedha. Mwaka huu naomba mniruhusu nianze na kutu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

Masika ya 2024 mnaikumbuka. Mvua haikukatika, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani ya nchi yetu. Kuta za nyumba zilitoa jasho, na nguo zikaota ukungu kabatini. Mwezi Juni tulifanya siku yetu ya ukaguzi, kwa kibali na mbele ya askari polisi kama ilivyo ada, kila mmoja akaweka bunduki yake mezani, tupu na mtambo wazi. Nilipita meza hadi meza. Nilikuta mitutu yenye madoadoa mekundu, bawaba za bunduki za marisau zinazolia kama mlango wa zizi, na bolti za raifo zinazohitaji mikono miwili kuzivuta. Ala za ngozi ndizo zilizonisikitisha zaidi. Mtu anamaliza msimu, anaifuta bunduki vizuri, kisha anaivika ala ya ngozi na kuifungia kabatini. Ngozi inavuta unyevu na kuushikilia kwenye chuma kama kitambaa kibichi, na chumvi zilizobaki humo tangu ilipotengenezwa zinamalizia kazi. Ndugu zangu, ala ni ya safari. Nyumbani bunduki ikae kwenye kabati lake la chuma bila kufunikwa, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu msivitupe, viwekeni humo.

Nilipouliza kwa nini bunduki hazikupakwa mafuta, jibu lilikuwa moja: mafuta ya bunduki ni ghali. Ni kweli. Kichupa kinacholetwa kutoka ng'ambo, kisichofika hata mililita 100, bei yake inakaribia ya lita nzima ya oili nzuri ya injini, na mpaka ukifuate Dar es Salaam. Basi wengine waliacha kabisa, na wengine wakapaka kilichokuwapo jikoni au gereji. Hapo ndipo kamati ilipoamua kulifanya jambo hili kuwa kazi yetu kuu ya nusu ya pili ya mwaka.

Nianze na mafuta ya nazi, kwa sababu nayajua kwa uchungu. Marehemu baba yangu aliipaka nazi bunduki yake miaka yote, na akiwa huku chini Tanga kwenye joto haikumsumbua sana. Nilipoirithi kwa leseni yangu nikaenda nayo Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mwezi Julai, kuwasaidia ndugu waliokuwa wakiliwa mahindi na nguruwe pori. Alfajiri, nguruwe yuko mbele yangu, nikavuta kifyatulio: tik, basi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na alfajiri ya Usambara iko chini sana ya hapo. Pini ya kugonga fataki, kile kiwashio cha baruti kitakoni mwa risasi, ilitembea kwenye mafuta yaliyoganda kama mshumaa, ikafika bila nguvu. Nilisubiri kwanza, mtutu ukielekea chini mahali salama, kisha nikaitoa risasi. Fundi alipoifungua alikuta ndani tabaka la rangi ya asali, limekauka, akalikwangua nusu siku nzima.

Lile tabaka ndilo neno lenyewe. Mafuta mengi ya mimea hushikana na hewa na kugeuka gundi polepole. Ndiyo sababu wachoraji hutumia mafuta ya kitani kuchanganyia rangi: yanakauka na kubaki. Alizeti ni hivyo hivyo. Mafuta ya nyonyo yana sifa kubwa ya kulainisha, injini za ndege za vita vya 1914 hadi 1918 ziliyatumia na jina la Castrol lilitokana nayo, lakini nayo yakikaa hunata. Mafuta ya jikoni yabaki jikoni.

La pili ni oili chafu, ile inayomwagwa gereji. Najua tunaipaka kwenye nguzo za boma kuzuia mchwa, na huko inafanya kazi yake. Kwenye bunduki, hapana. Imebeba tindikali zilizotokana na kuungua kwa mafuta ya gari, chembe za chuma na masizi. Na ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa mara kwa mara. Mafuta ya breki nayo yasikaribie bunduki. Yanavuta maji na kubabua vanishi ya kitako.

Tutumie nini basi? Bunduki inataka mafuta yatakayoweka utando mwembamba kati ya chuma na chuma, yazuie maji kugusa chuma, na yasigeuke kuwa gundi. Injini ya gari inayataka hayo hayo, tena kwa ukali zaidi, maana inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Oili mpya ya injini ya 5W-30 (namba hizo ni kipimo cha uzito wa oili), ya sintetiki ukiipata, ina viungo vya kuzuia kulika na kutu, na kwa sehemu zinazosuguana inatosha kabisa, pwani na milimani. Ile nzito ya SAE 40 inayouzwa kila duka itafaa huku kwenye joto, ila milimani asubuhi ni nzito mno kwa pini na springi. Oili nyekundu ya giaboksi ya otomatiki nayo ni nzuri, ni nyepesi na inapenya.

Mafuta ya cherehani ndiyo ninayoyapenda mwenyewe kwa kazi za kila siku. Yapo kila soko na kichupa chake kina mdomo mwembamba unaofika kwenye kifyatulio bila kufungua kitu. Ni mafuta ya madini yaliyosafishwa mpaka yakawa kama maji, hayana harufu wala hayanati. Kasoro yake ni wepesi: hukimbia upesi, hivyo yanataka kurudiwa. Likwidi parafini ya duka la dawa, ile wazee wanayopewa kwa tumbo gumu, ni jamaa yake wa karibu, na anayeona ajabu akumbuke kwamba Ballistol, mafuta yaliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1904 kwa ajili ya jeshi lao, msingi wake ni mafuta ya aina hiyo hiyo.

Kwa bawaba za bunduki za kukunja, pale mtutu unapoegemea pini, oili haidumu. Pakeni grisi ya bearing, kiasi cha punje ya mchele. Na kwa bunduki inayolala miezi, utando mwembamba wa grisi au mafuta ya mgando kwa nje unazuia unyevu kuliko oili yoyote niliyowahi kutumia.

Hatukutaka mliamini hili kwa maneno tu. Mwezi Agosti tulichukua misumari ya chuma kitupu, tukaiosha kwa tina, tukapaka kila mmoja mafuta yake na kuitundika kwenye baraza ya mjumbe wetu inayotazama bahari. Mmoja tuliuacha uchi. Huo ulianza wekundu siku chache tu. Ukafuata uliopuliziwa WD-40, ile dawa ya kopo ya kufukuza maji, kisha wa mafuta ya cherehani. Wa oili ya injini ulistahimili zaidi, na wa grisi na wa mafuta ya mgando ilikuwa bado misafi tulipoishusha yote. Wa nazi haukuwa na kutu nyingi, lakini ulishika vumbi na nzi wadogo kama ulimbo. Misumari hiyo iko mezani leo, pitieni muiguse.

Neno moja kuhusu WD-40, kwa kuwa wengi wanaamini inatosha. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na kazi hiyo inaiweza. Bunduki ikilowa mvua, puliza, futa, halafu paka oili. Ukiishia kwenye kupuliza, unaachiwa utando mwembamba usiokaa. Tena inapenya kila mahali. Ikiingia kwenye fataki ya risasi, risasi inaweza kufa. Hilo ni kwa mafuta yote: risasi zisiguswe na mafuta, na mkono uliotoka kupaka usishike risasi kabla ya kufutwa.

Mzee wetu mmoja wa Pangani aliuliza swali zito kwenye kikao cha Septemba: je, kwenye grisi hizi hamna mafuta ya nguruwe? Nilifurahi aliuliza hadharani. Mwaka 1857 huko India maasi makubwa dhidi ya Waingereza yaliwashwa na jambo hili. Askari waliletewa risasi za bunduki ya Enfield ambazo karatasi yake ilifunguliwa kwa meno, ikasemwa imepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe, ikawachoma Wahindu na Waislamu kwa pamoja. Oili ya injini, mafuta ya cherehani, likwidi parafini na mafuta ya mgando asili yake ni mafuta ghafi ya ardhini au maabara. Baadhi ya grisi viwanda hutumia mafuta ya wanyama au ya mimea kutengeneza sabuni inayoishikilia, kwa hiyo mwenye shaka atumie mafuta ya mgando mahali pa grisi, hatapungukiwa sana.

Wenzetu wachache wenye magobole ya leseni, nyinyi mna habari yenu. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta maji hewani, na ukiyapaka oili ya madini juu yake hugeuka kama lami. Osheni mtutu kwa maji ya moto na sabuni siku ile ile, kausheni kabisa, ndipo mpake. Kwa kazi hiyo mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na nta ya nyuki yanashinda oili. Hapa hapa Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walipigana wakitumia bunduki za Mauser za mwaka 1871 za baruti hiyo hiyo. Moshi uliwaumbua kwa adui, na nina hakika usafi wa jioni uliwachosha kuliko vita.

Kusafisha: mafuta ya taa yanatosha, pamoja na brashi ya shaba na vitambaa vya fulana kuukuu. Petroli msitumie hata tone, mvuke wake hulipuka kwa kibiriti cha jirani. Yuko Mmarekani, Ed Harris, aliyeeneza mchanganyiko uitwao Ed's Red: sehemu sawa za oili ya giaboksi, mafuta ya taa, tapentaini ya madini na asetoni. Kamati iliutengeneza bila asetoni, kwa kuwa hiyo inakula vanishi na plastiki na inashika moto upesi, na unasafisha vizuri. Fanyeni kazi nje penye hewa, watoto wakiwa mbali, na bunduki mmeikagua mara mbili kuwa ni tupu.

Na kiasi, ndugu zangu, kiasi! Katika ukaguzi wa pili wa Novemba kutu ilikuwa imepungua mno, ila sasa nilikuta bunduki zinachuruzika. Tone moja kila panaposuguana, kisha kitambaa. Mafuta mengi hukusanya vumbi na mabaki ya baruti yakawa tope linalosaga chuma, na bunduki ikisimamishwa kabatini yanashuka kwenye kitako na kuozesha mbao. Ndani ya mtutu pafutwe pawe pakavu kabla ya kwenda shambani. Mtutu wenye grisi ni mtutu ulioziba nusu, na risasi haina subira. Panapohitaji kufunguliwa zaidi ya pale mwenye bunduki anapofungua kwa kusafisha, mpelekeeni fundi mwenye leseni.

Fedha. Mhasibu ameweka hesabu zote mlangoni, zimekaguliwa, hakuna deni. Ada za wanachama wachache bado, na wenyewe wanajijua. Tuliahidi kukarabati ubao wa shabaha na hatukufanya. Lawama ni yangu, nilielekeza nguvu kwenye mafuta.

Kamati imenunua oili ya 5W-30 kwa lita, mafuta ya cherehani kwa dazeni, na mkebe mmoja wa grisi. Lita moja tumeigawa vichupa 20 vya mililita 50, na kichupa kimoja kinamtosha mtu mwaka mzima na zaidi. Vyote vina maandishi, ili mtoto asidhani ni dawa. Kila mwanachama aliyelipa ada atachukua kichupa kimoja cha oili na kimoja cha cherehani kwa katibu leo kabla ya kuondoka, na aliye mgonjwa nyumbani jirani yake amchukulie na kusaini. Wa magobole, nta yenu iko kwa mama mweka hazina. Mafuta ya ng'ombe mtayapata wenyewe buchani.

Ukaguzi ujao utafanyika wiki ya kwanza baada ya masika kukatika. Mje na bunduki tupu, bila ala za ngozi.