Zuhura, kikao cha Jumanne bado kinaniuma

Rotterdam

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa watoto. Sisi huku wazima, baridi tu. Ya harusi ya Mwanaharusi nimeyasikia na nimefurahi kupita kiasi. Bi Kheri kanitumia picha zote, hata za masufuria! Hayo tutayazungumza kwa nafasi, maana leo nina jambo moja, na tangu Jumanne sina raha kwa ajili yake.

Ni kile kikao cha mtandaoni kuhusu chumvi iliyoingia visimani. Ninyi mko Tanga, mimi nimekaa chumbani na hawa Waholanzi wa huku. Yule kijana mwenye miwani aliposema chumvi inayopanda Mto Pangani inatokana na kina cha bahari kuongezeka, basi, nilikuona kwenye skrini. Ulimtazama Mhandisi, mkubwa wako wa kazi, naye akatazama karatasi zake, nawe ukainamisha macho. Kikao kikaendelea. Na wewe ndiye unayejua kuliko wote waliokuwepo kwamba mto umepungukiwa nguvu tangu huko juu: mabwawa, umwagiliaji, ukame, mpaka maji matamu yanayofika mdomoni mwa mto hayana ubavu wa kuisukuma bahari. Daftari lako la vipimo vya visima lilikuwa mezani, nililiona jalada lake!

Nakuambia kilichofuata kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Skrini ilipozimwa, mmoja wao akasema, "Basi Tanga wamekubali." Hakusema kwa ubaya. Huku mtu akinyamaza kikaoni huhesabiwa kuwa ameridhika, au hana la kuongeza. Niliwaambia palepale kwamba hamjakubali kitu, na kwamba kwetu mkubwa wako akiwa amekaa kimya, wewe mdogo huruki ukasema mbele ya wageni. Walishangaa kwelikweli. Nimemwomba mwenyekiti awe anawatumia nyaraka mapema na akuulize wewe kwa jina, maana si haki mzigo wote wa kujifunza tabia za mwenzake ubebwe na Tanga. Na Kiingereza wao pia wamejifunza shuleni kama sisi, kwa hiyo waseme polepole.

Lakini mwezi ujao unakuja huku kutoa mada, utasimama mbele yao mwenyewe, na hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Anza na Mhandisi. Usije na hoja ambayo hajaisikia. Nenda ofisini kwake asubuhi kabla watu hawajajaa, mwoneshe vipimo, mwombe baraka zake, na umwombe afungue mada kwa maneno yake kisha akukabidhi wewe. Hapo hata ukimpinga yule kijana unasema kwa kauli ya ofisi nzima, na heshima ya mzee haijaguswa. Ndivyo marehemu baba yako alivyokuwa akimaliza mambo ya ukoo: siku ya baraza, kila mmoja alikuwa ameshapitiwa nyumbani kwake.

Halafu ule utangulizi. Sisi tunashukuru, tunamtaja huyu na yule, tunaeleza mradi ulikotoka, ndipo tufike. Hawa ukifika dakika ya tano hujasema unataka nini, wanaanza kutazama saa. Salimia, shukuru kwa sentensi moja, kisha sema: visima hivi vimeingia chumvi, sababu ni hii, tunaomba hiki. Watakukatiza katikati wakuulize. Usidhani umedharauliwa, ni dalili kwamba wanasikiliza. Utamsikia mtu aliyeajiriwa juzi akimwambia bosi wake "sikubaliani," kisha wakatoka kunywa kahawa pamoja. Wakisema takwimu zako hazitoshi, wanasema takwimu, hawakusemi wewe. Wape nyingine.

Na chumvi wanaijua, Zuhura. Mwaka 1953 Bahari ya Kaskazini ilivunja kingo usiku na watu 1,836 wakafa nchini humu. Kiangazi cha 2018, Mto Rhine ulipopungua, maji ya chumvi yalipanda hapahapa upande wa Rotterdam, wakalazimika kupitisha maji matamu njia nyingine. Kwa hiyo hawahitaji kufundishwa kwamba mto ukidhoofika bahari inapanda. Wanahitaji kuoneshwa kwamba Pangani ni yaleyale. Waambie habari uliyonisimulia ya wale kina mama wanaosubiri maji yapwe ndipo wachote, kwa kuwa yakijaa hayanyweki. Sema hivyo, kisha weka vipimo vya kupwa na vya kujaa kwenye slaidi moja. Moja tu! Ile yenye mishale tele uliyonitumia iondoe, najua umekesha nayo, lakini hakuna aliyekaa nyuma atakayeisoma.

Sauti nayo. Ukikaribia mwisho wa sentensi unaishusha, kama unaomba radhi. Usiombe radhi kwa kazi uliyoifanya kwa miguu yako, kisima kwa kisima. Nirekodie mada yote kwa simu unitumie, niisikilize kabla hujasafiri. Na ukiona Jumanne ile inakurudia kichwani... basi, hilo tutaliongea uso kwa uso.

Viza imetoka? Mhandisi mguu wake umepona, naye anasafiri au anakutuma peke yako? Kama hasafiri, atakubali kuandika barua fupi isomwe mwanzoni? Utalala kwangu au hoteli waliyokupangia? Mama Asha bado ana ule ubuyu wake, unaweza kunibebea? Na yule kijana mwenye miwani, nikukutanishe naye kabla ya kikao, umwoneshe daftari mkiwa wawili? Si mtu mbaya, na nadhani akiviona vipimo atakuwa upande wako. Hilo nijibu wiki hii, maana huku hata kahawa hupangiwa tarehe.

Wako,
Mwanaisha