Shemeji, ile nailoni

Shemeji,

Siku thelathini za msiba zimekwisha na dada ananiambia ndevu bado hujanyoa. Ni desturi yenu, najua: aliyefiwa na mzazi hangoji kalenda, hungoja marafiki wamkemee ndipo anyoe. Basi hesabu barua hii kuwa kemeo, kanyoe.

Nasikia unataka kukisimamisha tena kile kibanda cha Sikukuu ya Vibanda ya Kiyahudi, mwezi wa Tishri ujao (Septemba au Oktoba), safari hii kwa jina la Mama, na fundi umeshapata mwingine. Heri. Ila huyo fundi atahitaji mambo ambayo wewe ulikataa kuyasikia, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nayaandika hapa.

Wazo lenyewe sikuwahi kulibeza. Kila nyumba ya mtaa ule itoe kitambaa kimoja kilichotoka kwenye nyumba waliyoiacha, na vitambaa hivyo viwe kuta za kibanda cha Sikukuu ya Vibanda: kitambaa cha meza cha Baghdad, shuka la Odessa, shela la Gondar, kitenge cha yule jirani wa Bukavu ambaye si Myahudi na hakuna aliyemuuliza, na khanga ya Mama ya Biashara Street, *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Ni nani mwingine angeweza kugonga milango yote ile akafunguliwa? Mimi nisingeweza. Una kipaji cha kuwafanya watu watoe walichokificha kabatini, na ndiyo maana nakasirika.

Tuanze na upepo, kwa sababu wasanii huona kitambaa na upepo huona tanga. Ukuta wa mita 4 kwa mita 2.2 ni mita za mraba 8.8. Upepo wa kilomita 54 kwa saa, ambao bado si dhoruba na unaweza kuvuma kati ya majengo marefu, unausukuma ukuta huo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 120. Watu huogopa kibanda kupinduka. Kwenye sakafu ya saruji kinachotangulia ni kuteleza. Kwa nguzo zenu 6 za mbao mbili kwa nne, kila nguzo ipate mifuko miwili ya mchanga ya kilo 25, mbao za mshazari ziwe pembe zote nne, na bolti zenye washa badala ya skrubu, maana skrubu hulegea mbao ikilowa na kukauka. Na pima maji itumike. Mlango wenu ulikuwa umeinama na kila picha inaonyesha.

Sasa sheria ya ukuta. Marabi waliandika dhidi ya kuta za kitambaa kwa sababu hiyo hiyo ya upepo: kitambaa kinachopepea hakihesabiki vizuri kuwa ukuta. Dawa yake ni ya zamani na ni nzuri kuliko kitu chochote ulichokibuni wewe. Pengo lililo chini ya viganja vitatu huhesabiwa limezibika. Kwa hiyo unazungusha mikanda ya mlalo kwenye nguzo, kuanzia chini, kila sentimita 20, hadi upite kimo cha viganja kumi, yaani karibu mita moja. Mikanda mitano inatosha. Mikanda hiyo ndiyo ukuta wa kisheria, na vitambaa vya watu vinabaki huru kupepea mbele yake. Ulisema inaharibu mwonekano. Mimi bado naona ndiyo sehemu nzuri kuliko zote: nguo za wahamaji zinacheza, na kilichokaza ni mikanda ambayo hakuna anayeitazama.

Vitambaa vyenyewe visitobolewe. Ulipiga vijicho vya chuma kwenye khanga ya miaka hamsini, vikashika kutu, na kutu haitoki kwa urahisi kwenye pamba. Fundi ashone utepe wa pamba ukingoni kwa mkono, kushikiza tu, mishono ya sentimita moja, aache mfereji wa sentimita 8, apitishe ufito humo. Kazi ikiisha uzi unavutwa na nguo inarudi ilivyokuwa. Zimamoto wakidai nguo zitiwe dawa ya kuzuia moto, boraksi na asidi ya boriki kwenye maji ya moto hufaa kwa pamba, lakini mvua moja tu huiosha yote, na nguo ya urithi haistahili kuloweshwa hivyo. Tumia taa za volti 12 zisizopata joto, zikae mbali na kitambaa, na mishumaa iwe mezani ndani ya gilasi.

Paa ndilo jambo lenyewe. Linatoka kwenye mmea uliokwisha kukatwa, na halikai chini ya mti ulio hai wala chini ya ukingo wa jengo. Kuta kwanza, paa baadaye. Usifuate urahisi wa kumaliza kazi za ngazi mapema. Fito za sentimita 4 zipangwe kwa nafasi ya sentimita 2 au 3, juu yake matawi. Saa sita mchana tazama sakafu: kivuli kizidi mwanga. Matawi mabichi husinyaa, kwa hiyo siku ya kwanza ziba zaidi ya unavyodhani, robo tu ya paa ibaki wazi. Majani ya migomba ni mazuri siku mbili, halafu yanapasuka na kujikunja. Makuti ya kuezekea, yakipangwa nene kama ya hoteli za Diani, huzuia mvua kabisa, na wapo wanaolikataa paa la namna hiyo. Mvua lazima iweze kuingia. Nyota zionekane. Funga kwa kamba ya mmea, achana na vile vifungo vya plastiki.

Ndiyo, mvua iingie, shemeji. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, imeshapanga hata hilo: mvua ikinyesha mtu hutoka lini? Uji mzito ukianza kuharibika. Ukumbi ulikuwa hatua chache kutoka mlangoni, chai imo, viti vimo. Ungewaambia wageni tuingie ndani, tungerudi mvua ikikatika, na kila mmoja angeelewa kibanda ni nini kuliko maelezo yote uliyobandika ukutani.

Badala yake ulipanda ukagongea nailoni kwa pini juu ya matawi, jioni ile ya ufunguzi. Mama akaja na fimbo yake na mkate wa hala ameuviringisha kwa taulo. Akafika mlangoni, akainua macho, akasimama. Mwanamke aliyekuwa akipanda juu ya meza kila mwaka kule Nairobi kupanga matawi kwa mikono yake, hata baada ya baba yako kufa, hata mwaka ule mlipokuwa hamna uwanja mkajenga kwenye roshani. Hakukugombeza. Aliuliza tu kama nailoni itaondolewa. Nawe, kipaza sauti mkononi, wageni wote wanasikia, ukamwambia, "Mama, hii ni sanaa tu."

Akampa dada mkate, akaomba gari. Hakuingia.

Sanaa tu! Watu walikupa mashuka ya mama zao kwa sababu ya sheria hiyo uliyoipuuza. Mwaka 2010, tarehe 19 na 20 Septemba, pale Union Square, New York, vilisimamishwa vibanda 12 vilivyochaguliwa kati ya mapendekezo zaidi ya 600. Wasanifu wale walipinda kila kitu kinachopindika. Ronald Rael na Virginia San Fratello walivika chao mabango ya kadibodi yaliyonunuliwa kwa watu wasio na makazi. Lakini masharti ya kibanda yalikuwa ndiyo masharti ya shindano, na hapo ndipo ubunifu ulipopata kitu cha kushindana nacho. Talmudi yenyewe, kitabu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inajadili tembo kuwa ukuta. Uwanja ulikuwa mpana kiasi hicho, wewe ukatafuta nailoni.

Kuhusu hilo lililofuata, maana najua unalisimulia. Niliziondoa zile pini, ndiyo. Hesabu mwenyewe: paa la mita za mraba 12 likizibwa, kila milimita 10 za mvua ni lita 120, kilo 120 zinazokusanyika katikati panapobonyea, juu ya fito zilizopangwa kubeba majani. Mbili zilishapasuka na watoto wamekaa chini yake. Nilisema watu watoke, wakatoka wote isipokuwa yule mwandishi aliyekuwa akipiga picha. Kwamba alilowa si juu yangu. Ukihitaji kifuniko, kitengeneze kwenye fremu ya kuteleza, kifunike usiku kibanda kikiwa kitupu, kifunguliwe kabla ya mtu kukaa kula. Hilo halibatilishi chochote, na nilikueleza wiki mbili kabla.

Na ile ramani ya Uasin Gishu kwenye ukuta wa nyuma. Najua kwa nini uliiweka, na wageni waliipenda: Waingereza kupendekeza kuwapa Wazayuni nyanda zile mwaka 1903, mkutano wa Basel kuzikataa mwaka 1905, na wewe kuzaliwa Kenya hata hivyo. Lakini uliichapa ikiwa tupu, kana kwamba ng'ombe wa Wanandi na wa Wamaasai hawakuwa wakila majani pale. Kazi inayouliza nyumbani ni wapi haiwezi kuruka waliokuwa nyumbani. Andika majina yao. Ni rangi kidogo na nusu saa.

Vitambaa mlivikunja vimelowa. Ukungu huanza ndani ya siku moja au mbili, na yule bibi wa Baghdad amempigia dada mara kadhaa akiuliza cha kwake. Vianike kivulini, vipigwe brashi laini nje, uvipeleke mlango kwa mlango wewe mwenyewe, maana wewe ndiye uliyeviomba. Khanga usiioshe hadi mtu anayejua kutu aione.

Mikanda, ile niliyokata tayari kwa vipimo vya nguzo zenu, iko kwenye ndoo kwenye gereji yangu. Mtume fundi wako aifuate. Au njoo mwenyewe, Jumapili nipo.