Barua kwa Mwanangu: Dropu Hutoka Vidoleni

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka huku nyumbani Vihiga. Baba yako ni mzima, nyanya yako anakuulizia kila jioni, na mvua ya saa tisa haijakosa hata siku moja wiki hii.

Ile video uliyonitumia Jumapili nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji. Nimemwona yule mwanafunzi mrefu wa timu yako ya softiboli, yule wa soksi za kijani, akirusha huo mpira unaouliza kama ni dropu, yaani mpira unaozama ghafla ukimkaribia mpigaji. Umeniandikia, "Mami, mbona haushuki?" Sababu niliiona mara ya kwanza tu. Niliendelea kutazama kwa jambo jingine: kiwiko cha yule mtoto kinaruka nje kama bawa la kuku anayefukuzwa, na mara ya mwisho mimi kuona kiwiko kikiruka hivyo kilikuwa chako.

Ndiyo maana nimekaa mezani nikaandika. Kwenye simu ningekueleza habari za vidole, nikakata, na hili lingine lingebaki pale lilipokaa miaka yote hii.

Mwaka wa 2013 ulikuwa na miaka 11. Nilikuwa na kale katimu ketu ka jioni, na wewe ndiwe mrushaji, kwa sababu ulikuwa mwanangu na kwa sababu kweli ulikuwa na mkono. Siku moja nilienda Kisumu kutazama mechi za shule za upili. Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha nne, mpira wake ulikuwa unakuja sawasawa mpaka karibu na pleti, kile kibao cha chini kando ya mpigaji, halafu unazama chini ya gongo lake kana kwamba shimo limefunguka. Mechi ilipoisha nilimfuata akinywa soda nikamwomba anionyeshe. Akanionyesha kwa dakika moja. Unapofika kwenye nyonga, akasema, unageuza mkono juu ya mpira, kama mtu anayezungusha kitasa cha mlango.

Nilirudi nyumbani na hiyo dakika moja kama mtu aliyepata dawa. Jumatatu jioni tulikuwa nyuma ya jiko, wewe na mimi, tukizungusha kitasa. Sikujiuliza yule msichana ameurusha mpira kwa miaka mingapi kabla ya kuufikia ule ujanja. Vidole vyako vilikuwa vifupi, havikuweza kuufunika mpira, basi ukageuza ulichoweza kugeuza: mkono mzima, kuanzia begani. Mipira mingine ilishuka, tukashinda, nikafurahi. Jumamosi moja ulirusha mechi tatu. Ulipolalamika nilikusimulia habari za Yukiko Ueno wa Japani, jinsi alivyorusha mipira 413 kwa siku mbili kule Beijing 2008 mpaka wakawafunga Marekani kwenye fainali. Nilisahau kukuambia kwamba Ueno alikuwa mwanamke wa miaka 26.

Mwisho wa muhula nilikukuta unasonga ugali kwa mkono wa kushoto. Nikasema mbele ya shangazi yako kwamba umekuwa mvivu. Wiki iliyofuata daktari alipokubonyeza upande wa ndani wa kiwiko, ulilia kilio ambacho sijakisikia tena kwako. Hukurusha tena. Ukahamia kulinda besi ya pili, ukasema unaipenda, na hakuna aliyekuuliza swali, mimi nikiwa wa kwanza kutouliza.

Nilikukosea, mama. Sikukosea kwa kutaka ushinde. Nilikosea kwa kukupa mkono ambao haukuwa wako bado, na kwa kutokusikiliza ulipouma. Naomba unisamehe. Sasa tuzungumze juu ya watoto wako, kwa sababu hawa bado hawajaumia.

Mpira wowote ukitoka mkononi unaanza kuanguka. Wa kilomita 70 kwa saa, ukirushwa kutoka mita 12, unamfikia mpigaji baada ya nusu sekunde na kitu kidogo, na muda huo wote dunia inauvuta. Mpigaji ameshazoea mvuto huo, jicho lake linajua mpira utafikia wapi. Dropu inashuka kupita alivyozoea. Kinachoishusha ni mzunguko: upande wa juu wa mpira ukizunguka kuelekea mbele, hewa inausukuma chini. Basi. Hakuna nguvu ya mkono inayoushusha. Ni huo mzunguko tu, na mzunguko unatoka kwenye ncha za vidole.

Sasa tazama tena video yako, na uipunguze mwendo. Mpira wa soksi za kijani unazunguka kama risasi, yaani ncha yake inamtazama mpigaji na mishono inazunguka pembeni. Mpira wa namna hiyo hauendi chini wala juu zaidi ya kawaida. Mtoto anageuza kwa bidii, anaumia kwa bidii, na hewa haina cha kushika. Ukimwambia ageuze zaidi, na najua ndilo jambo la kwanza litakalokujia mdomoni, utamharibu.

Kuna dropu mbili. Ile ya kugeuza ndiyo niliyokufundisha mimi. Nyingine mimi naiita ya kumenya, na ndiyo pekee ninayotaka uwafundishe wasichana wa gredi ya saba na ya nane. Mpira unashikwa kwa ncha za vidole zikiwa juu ya mshono, pale mshono unapopinda kama kwato la farasi, dole gumba upande wa pili, na nafasi ibaki kati ya mpira na kiganja. Kama kidole chako kinaweza kupita hapo, ameshika vizuri. Mkono unazunguka mzunguko wake mmoja kama kawaida. Ukifika kwenye nyonga kiganja kinamtazama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya pleti, vidole viko chini na nyuma ya mpira, na mpira unapotoka vidole vinapanda moja kwa moja juu nyuma yake, kama unavyomenya ndizi kutoka chini kwenda juu. Dole gumba linatoka kwanza. Kiwiko kinabaki laini, karibu na mbavu, na kigasha kinapita kikisugua nyonga.

Hiyo ndizi si mfano wa mdomoni tu. Nimewahi kuwapa watoto ndizi kweli, nikawaambia wamenye ganda moja kwa vidole vitatu bila kusogeza kiwiko, na ndipo wakaelewa nilichokuwa nimepigia kelele wiki mbili.

Anza karibu. Wasimame wawili wawili mita tatu tu, bila mzunguko wa mkono, bila kupiga hatua, kifundo cha mkono na vidole peke yake. Katika gunia ninalokutumia kuna mipira sita ya zamani. Nimeizungushia tepu nyeusi ya mafundi wa umeme, mstari mmoja katikati. Mtoto aushike ili mstari usimame wima, upite katikati ya vidole. Akimenya vizuri, mstari utabaki mmoja, umenyooka, mpaka mkononi mwa mwenzake. Akigeuza, mstari utayumba na kumetameta. Hapo hutahitaji kumkosoa, kwa sababu atauona mwenyewe. Kaa hapo siku nyingi. Watachoka, watataka kurusha kwa nguvu, na walimu wenzako watakuuliza kama huu ni mchezo au ni kusokota uzi. Kaa hapo tu.

Baada ya hapo rudi nyuma kidogo kidogo. Wanawake watu wazima hurushia mita 13.11. Marekani watoto wa miaka 12 hurushia mita 12.19, na wa miaka 10 mita 10.67. Nami nakushauri wale wadogo wako uwaweke kwenye mita 10.67 bila aibu, hata kama uwanja umechorwa kwa ajili ya wakubwa. Chomeka miti miwili hatua mbili mbele ya pleti, funga kamba ya katani kwa urefu wa katikati ya paja la mpigaji. Mpira upite juu ya kamba, halafu udakwe chini ya goti. Mtoto akiona mpira unapita kamba na kuzama, utamwona uso wake, na mimi nitakuwa nimelipwa.

Mwili una mambo mawili tu ya kubadilisha. Hatua ya mbele iwe fupi kidogo kuliko ya mpira wa kasi, kama nusu ya unyayo, na uzito uwe umeshafika juu ya mguu wa mbele wakati mpira unatoka. Wengi wakisikia hivyo watainama kiunoni kama wanaopalilia mahindi, na mpira utagonga vumbi mita moja kabla ya pleti. Kifua kibaki juu.

Uliuliza pia kama kasi yake inatosha. Inatosha. Cat Osterman wa Marekani, mwenye dhahabu ya Athens 2004, hakuwa miongoni mwa warushaji wenye kasi kubwa kabisa. Alitegemea mzunguko, na wapigaji wakubwa wa dunia walikuwa wanapiga hewa juu ya dropu yake. Mwambie soksi za kijani habari hiyo badala ya ile ya mipira 413.

Jambo dogo ambalo nimeliwaza kwa sababu uko huko. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu kama mita 1,130. Hewa ya huko ni nyepesi zaidi, kwa hiyo inausukuma mpira kwa nguvu pungufu kidogo. Mzunguko uleule utashuka pungufu, pengine sentimita moja au mbili tu. Unaweza kuona ni kitu kidogo, lakini unene wa gongo hauzidi sentimita 5.7, na sentimita moja ndiyo inayotenganisha mpira unaoruka uwanjani na ule unaobingirika kwa mrushaji. Basi watoto wakidhani dropu yao ni dhaifu, wasiongeze nguvu. Na siku mtakayoshuka Kisumu kucheza, mwambie mdakaji ajiandae.

Mdakaji mfundishe sambamba. Dropu nzuri mara nyingi hugonga ardhi, na straiki ya tatu, ile ambayo kwa kawaida humtoa mpigaji, isipodakwa besi ya kwanza ikiwa tupu, mpigaji anaruhusiwa kukimbia. Magoti chini, glavu katikati ya magoti, kidevu kifuani. Hilo unalijua kuliko mimi.

Nani aanze? Si yule anayetaka sana. Yule ambaye mpira wake wa kawaida unafika anapoutuma, na ambaye ana mpira wa polepole anaoutoa kwa mkono uleule bila kujifichua. Katika wale sita wa video nimewaona wawili, na soksi za kijani si mmoja wao bado. Najua itakuuma kumwambia, kwa sababu ndiye anayekufurahisha kumtazama. Mrudishe kwenye mita tatu na mstari mweusi. Kama ni mtoto ninayemdhania, atakununia wiki moja.

Na usikubali ule usemi kwamba kurusha kwa chini hakuumizi. Nilikuwa nausema mimi, kila mtu alikuwa anausema. Bega na kiwiko cha mrushaji wa softiboli hubeba mzigo mkubwa, unaokaribia ule wa wanaume wa besiboli, tofauti ni kwamba sisi tunamwacha msichana yuleyule arushe mechi zote za Jumamosi. Uwe na daftari. Andika kila mtoto amerusha mipira mingapi, ya mazoezini pia. Kila jioni muulize mkono unasemaje, na muulize akiwa peke yake, si mbele ya wenzake, kwa sababu mbele ya wenzake wote watasema uko sawa. Akijibu kwamba unauma upande wa ndani wa kiwiko, siku hiyo imeisha, hata kama ni fainali na hata kama kocha wa upande wa pili anacheka.

Hiyo dropu ya kugeuza wataiona kwenye simu zao na watakuuliza. Waambie ipo, na kwamba wanaoirusha vizuri wanageuza kifundo tu wakati mpira umeshaanza kutoka, wala hawageuzi bega. Waambie wataifikia wakiwa wakubwa, wakiwa na mtu wa kuwatazama kwa karibu. Usiwafiche, wasije wakaifanya nyuma ya jiko.

Gunia litakuja na shatoli ya Ijumaa kutoka Chavakali. Nitakutumia namba ya gari, nawe uwe steji mapema kwa sababu dereva hangoji. Juu kuna ndizi za nyanya yako, zimeanza kuiva, kwa hiyo zitumie Jumamosi kabla hazijalainika. Chini kabisa, ndani ya gazeti, kuna mpira wa saba usio na tepu, mshono wake umefumuka upande mmoja. Ni ule wako. Nimeuweka kwa miaka yote hiyo kwenye kabati la vyombo na sikujua naufanyia nini.

Ukinitumia video nyingine, anayeipiga hiyo video asimame upande wa mkono unaorusha, si nyuma, ili nione kiwiko. Na kama mkono wako unakubali, kama haukuumi, simama nawe mita tatu kutoka kwa mmoja wao, umenye mara chache tu, halafu uniambie mstari ulitulia au uliyumba.

Ni mimi mama yako anayekupenda.