Nimekaribishwa kwenye kikundi cha kofia Wete, sasa nimejua jambo la bei, niseme?

Assalaam alaykum Anti na wasomaji wenzangu. Mie mtu wa Ng'ambo, Unguja, mume wangu kahamishiwa kazi Pemba tukapata nyumba hapa Wete, simjui mtu, kutwa nzima mie na simu mie na simu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mungu amlipe kheri, ndie aliyenitoa ndani. Kanambia kila baada ya alasiri kuna wanawake wanakaa ukumbini kwa mmoja wao wanashona kofia za mkono, si hizi za mashini, twende. Nikamwambia mie najua kudarizi foronya tu, akasema njoo hivo hivo.

Siku ile ya mwanzo maswali Anti, mtoto wa nani, kwenu asili wapi, watoto wangapi, mbona mmoja tu. Halafu wakanipa kipande cha kitambaa cheupe kishachorwa kwa penseli, nikaoneshwa namna ya kutoboa kitundu na kukizungushia uzi mpaka kisimame. Bibi mkubwa wa pale alipokipokea hakuangalia juu hata kidogo, kageuza upande wa ndani, kapitisha kidole, "mafundo haya mwanangu, fumua". Nikafumua. Na nikafumua tena 😂. Sasa wamenizoea, yule bibi macho yashapungua basi kazi yangu kabla sijakaa ni kumtilia uzi kwenye sindano, natia nyingi kwa mpigo yeye anazichomeka mstari kwenye kanga hapa begani, ikimwishia uzi moja anachomoa nyengine. Lakini mkono wake usiuseme, kofia inaweza kumla mwezi na zaidi na nakshi anachora mwenyewe, kuna nyota zake za ncha nyembamba sijaona mwengine anazitia.

Sasa tatizo. Kofia zikimalizika, zishafuliwa na kutiwa wanga, anayekusanya kupeleka mjini ni huyu huyu jirani yangu. Nilipokwenda Unguja harusini nikapita dukani kwa mjomba wangu, Darajani, ana kofia, kanzu na makubadhi, naangalia kwenye kabati la kioo naiona kofia ya bibi, nyota zile zile. Nikamuuliza mjomba hii umeinunua kwa kiasi gani, sikuuliza anauza bei gani maana bei ya duka najua ina yake, nimeuliza ALIYONUNULIA. Kanitajia. Anti, ni zaidi ya mara mbili ya alichopewa bibi, na alichopewa nakijua maana zilihesabiwa mbele yangu. Mjomba kasema kaletewa na mama mmoja wa Pemba, nikanyamaza kimya.

Nisimdhulumu jirani lakini. Kitambaa na uzi ananunua yeye, boti analipa yeye, na hii miezi ambayo kofia hazitoki anawapa watu pesa zao vile vile halafu yeye anakaa na mzigo ndani mpaka Ramadhani na Idd zikaribie ndio wanunuzi wazinduke. Hiyo ni haki yake apate faida, hakuna anaekataa. Ila nimepiga hesabu kitandani, nikatoa nauli, nikatoa uzi, nikatoa kila kitu, bado kinachobaki ni kikubwa mno na mwenye kofia anakwenda dukani kukopa sukari.

Nimemwambia mume wangu kasema usiingie, sie huku wapita njia na huyo ndie aliekushika mkono. Kweli. Na nikimwambia mjomba achukue moja kwa moja kwa bibi, si itaonekana mgeni kaja juzi keshatwaa soko la watu kumpa mjomba wake? Nikimkabili jirani peke yetu labda atasema nimekwenda kumpeleleza. Nikisema ukumbini mbele ya wote ndio nimemvunjia heshima kabisa, hilo sifanyi. Na nikinyamaza basi kila nikimtilia bibi uzi roho inanisuta, wallahi hata kahawa hainipiti vizuri.

Nilifikiri labda nianze kwa mzunguko, niwaambie wenzangu tuweke daftari, kila kofia iandikwe imeuzwa kiasi gani na gharama kiasi gani, kama jambo la kikundi tu bila ya kumtaja mtu. Lakini daftari ataandika nani, si yeye anayekwenda mjini? Waliowahi kuwa kwenye vikundi kama hivi, vya kofia au vya ukili, nyie mlifanyaje na muuzaji wenu?

Nijibuni mapema, kofia yangu ya kwanza imebaki kuunganishwa kifuniko na ukingo tu, na jirani kashanambia nimpe aiweke pamoja na nyengine maana anasafiri kabla ya mwezi kuandama. Nimpe?

Mgeni wa Wete